Kagua ukumbi, usikague shairi: vibali vya maonyesho madogo Kampala

Anayeandaa usiku wa mashairi wa watu 80 pale Bukoto hupita karibu milango ileile anayopita mwenye tamasha la watu 5,000. Barua ya mwenye ukumbi, barua ya mwenyekiti wa LC1 (baraza la mtaa), ombi kwa DPC (mkuu wa polisi wa wilaya), kisha Mamlaka ya Jiji Kuu (KCCA). Zikipigwa nyimbo za wengine, kuna na ada ya hakimiliki ya UPRS, chama kinachowakusanyia watunzi malipo yao. Kinachokwamisha zaidi ni mpangilio: ofisi hii haigongi muhuri mpaka ione muhuri wa ile, na jibu huweza kuja siku ya onyesho, spika zimeshakodiwa na mabango yameshachapwa.

Tupige hesabu ya mfano. Kiingilio shilingi 20,000, ukumbi ukajaa, ni 1,600,000. Vibali pamoja na nauli za boda vikila 400,000, robo ya mapato imekwenda kabla msanii hajalipwa. Kwa tamasha la watu 5,000 kwa kiingilio hichohicho, gharama hiyo haifiki hata nusu ya asilimia moja.

Hata hivyo, wanaotetea vibali hawabwabwaji. Julai 11, 2010, mabomu ya Kyadondo na Kabalagala yaliua zaidi ya watu 70 waliokuwa wakitazama fainali ya Kombe la Dunia. Mkesha wa kuamkia 2023, msongamano kwenye sherehe ya mwaka mpya Freedom City, barabara ya Entebbe, uliua watu wapatao 10, watoto wakiwemo. Wala udogo si kinga. Mlango wa upana wa mita moja hupitisha takriban watu 80 kwa dakika, tena wakiwa watulivu. Watu 200 wanahitaji dakika mbili na nusu, na moshi haungoji. Mara nyingi mlango wa nyuma umefungwa kwa kufuli ili watu wasiingie bure, au jenereta imewekwa palepale pa kutokea. Waya wa umeme uliobaki umezungushwa kwenye kibiringo chake huku ukibeba taa zote nao hupata moto hadi plastiki ikayeyuka. Haya yanahitaji mkaguzi mwenye tochi na futi.

Shairi halihitaji mkaguzi huyo. Mwaka 2012 mtayarishaji Mwingereza alikamatwa Kampala kwa kuonyesha mchezo wa kuigiza bila idhini ya Baraza la Vyombo vya Habari; shtaka likafutwa Januari 2013, naye akafukuzwa nchini mwezi uliofuata. Mwaka 2019 zikaja kanuni za kutaka maneno ya nyimbo na miswada ipitiwe kwanza, wasanii wakazipinga. Katika yote hayo sioni mlango hata mmoja uliopanuliwa. Na Sheria ya Usimamizi wa Utulivu wa Umma ya 2013, ambayo imetumiwa kusimamisha matamasha na ambayo Mahakama ya Katiba iliibatilisha mwaka 2020, yenyewe haikuhesabu mikusanyiko ya kijamii, kitamaduni au kibiashara kuwa mikutano ya hadhara. Mwandaaji aibebe nakala ya kifungu hicho endapo sheria hiyo itatajwa tena, pamoja na nakala ya ombi lake iliyogongwa muhuri wa kupokelewa.

Jirani naye ana haki yake. Kanuni za kelele za 2003 ziliweka kikomo cha desibeli 45 usiku, kuanzia saa 4, kwa maeneo yenye makazi yaliyochanganyika na biashara na burudani. Uwanjani pasipo kuta, sauti hupungua desibeli 6 kila umbali unapoongezeka maradufu: spika ya desibeli 95 kwa mita moja bado ni 55 kwa mita 100. Kugeuza spika kunasaidia kidogo, kwani besi haigeuziki. Baada ya saa 4, zima besi au ingia ndani.

Kwa hiyo ningependa KCCA ikague ukumbi mara moja kwa mwaka: milango, umeme, vizimamoto, idadi ya watu ibandikwe ukutani. Onyesho lolote chini ya idadi hiyo lihitaji taarifa tu, na ofisi isipojibu kwa siku 5 mwandaaji aendelee. Viwanja vya wazi na mitaani vibaki na kibali cha kila tukio, maana pale njia za kutokea hubadilika kila mara. Wenye kumbi watalalamika kuwa gharama imehamia kwao, na ni kweli. Lakini wao ndio wenye funguo za ule mlango wa nyuma.