Uzio wa kitambaa pekee hauzuii tope la Dodoma

Tangu Serikali ianze kuhamia Dodoma mwaka 2016, ardhi nyingi imefunguliwa kwa ujenzi: Mtumba, Ihumwa, Nzuguni, Msalato. Mvua za Desemba zikikaribia, mabishano ni yale yale. Wakandarasi wengi wanaona kudhibiti mmomonyoko ni gharama ya bure mahali panapopata wastani wa milimita 550 hadi 600 kwa mwaka, tena pakavu zaidi ya nusu ya mwaka. Wanaosimamia mazingira nao wanadai uzio wa kitambaa, unaopitisha maji na kuzuia tope, kuzunguka kila saiti. Sikubaliani na upande wowote moja kwa moja.

Hesabu ya wastani inadanganya. Udongo huondoka na mvua chache kubwa zinazokuta ardhi tupu baada ya kiangazi. Matone huvunja udongo mwekundu wa kichanga, chembe laini huziba matundu, uso hugeuka ganda na maji hayazami tena. Milimita 25 zikitiririka zote kutoka hekta 1 ni mita za ujazo 250 za maji. Mabwawa ya Ikowa, Matumbulu na Imagi yalikuwa yakijaa mashapo miongo mingi kabla ya ujenzi wa leo, kutokana na mashamba na malisho. Eneo lililopita greda halina hata visiki vya mtama vya kupunguza kasi ya maji.

Hata hivyo, wakandarasi wana haki wanapolalamikia uzio. Ukiwekwa sawasawa, chini yake unafukiwa kwenye mtaro wa sentimita 15 kwa 15 na kushindiliwa, nguzo zikiachana mita 2, ukifuata kontua, yaani mstari wa ardhi yenye kimo kimoja. Mara nyingi unaning'inizwa tu, maji yanapita chini. Au unakatishwa kwenye korongo, mkondo unaubeba wote na nguzo zake. Na hata ukisimama vizuri, hauwezi kila kitu: chembe ya mchanga ya milimita 0.1 huzama mita 1 kwa dakika 2 hivi, lakini ya mfinyanzi ya milimita 0.002 huhitaji siku 3 kwenye maji yaliyotulia. Ndiyo maana maji yanatoka upande wa pili yakiwa mekundu vile vile.

Bwawa la kutuliza tope linasaidia zaidi, urefu ukiwa angalau mara mbili ya upana, na njia ya maji ya ziada ikijengwa kwa mawe. Wakazi wanaolipinga hawakosei: ni mazalia ya mbu na hatari kwa watoto. Kwa hiyo lizungushiwe uzio, na bomba lake litoe maji polepole hadi liishe ndani ya saa 72. Kiluwiluwi cha mbu huhitaji muda zaidi ya huo kukomaa.

Lakini kinachookoa udongo mwingi kwa fedha kidogo ni ratiba. Usisafishe eneo lote kwa mkupuo. Fungua kipande utakachokimaliza. Chimba makinga maji, yaani mitaro ya kuyachepusha, upande wa juu kabla ya greda kuingia, ili maji ya jirani yasipite saiti. Kwenye mtaro wenye mteremko wa asilimia 5, vizuizi vya mawe vya kimo cha nusu mita viachane mita 10, katikati pakiwa chini kuliko pembeni. Katikati pakilingana na pembeni, maji huchimba kingo na kizuizi hubaki kisiwa. Kifusi kiwe mbali na mtaro, chini ya turubai. Miteremko iliyokamilika ifunikwe kwa mabua kabla ya Desemba, ingawa hapa mabua ni chakula cha ng'ombe na yatanunuliwa, hayaokotwi.

Maji ya kuoshea mashine ya zege yaingie kwenye shimo lenye nailoni nzito, kamwe yasiende mtaroni: ni makali kama chokaa.

Ugumu mkubwa uko kwenye BOQ, orodha ya kazi na vipimo ambayo mkandarasi hujaza bei. Kazi hizi zikiandikwa mstari mmoja, "kulinda mazingira, jumla", aliyeweka bei halisi anashindwa zabuni na aliyeweka karibu sifuri. Mteja aorodheshe makinga maji kwa mita, bwawa kwa mita za ujazo, kutoa tope kwa kila safari ya lori, na alipe baada ya kupimwa. Tathmini ya athari kwa mazingira chini ya Sheria ya mwaka 2004 huandikwa mapema, na ahadi zake nyingi hazifiki kwenye bei hizo. Hapo ndipo mhandisi mshauri anapaswa kuanza ukaguzi, mkataba haujasainiwa.