Siku Nilipomnyoa Masharubu Bwana wa Moka

Mimi ni mzaliwa wa Malindi, na kwetu mwali haambiwi lolote kuhusu mume kabla hajajua kusugua sufuria. Marehemu nyanya yangu alikuwa akiketi uani juu ya mbuzi ya kukunia nazi, kumbi mkono mmoja na jivu mkono wa pili, akisugua mpaka sufuria ikageuka kioo. Na dele lake la shaba, ambalo halikutolewa ila siku ya Idi na siku ya msiba, alilipaka ukwaju likang'aa hata ungeweza kujipaka wanja ukijitazama ubavuni mwake. Somo wangu naye, katika siku za mwisho kabla ya harusi, alinifunza mambo mengi ambayo mengine hayaandikiki, ila moja naweza kulisema hadharani: ukiingia kwa wakwe, kabla hujafungua mdomo, fungua mfereji uoshe vyombo. Hakujua kwamba vyombo vyenyewe vitakuwa Torino, Italia.

Msomaji asiyeijua Malindi huenda akashangaa nilivyofika huko, lakini mtu wa kwetu hashangai. Waitaliano wamekuwa majirani zetu tangu miaka ya 1960, walipojenga kituo chao cha kurushia setilaiti baharini karibu na Ngomeni, na baada ya wanasayansi wakaja watalii, baada ya watalii wakaja wenye hoteli na pizza, hata leo mtoto wa Malindi hujua kusema "ciao" kabla hajajua kufunga kamba za viatu. Mimi Kiitaliano nilikiokota ufukweni, na kwa hiyo kilikuwa Kiitaliano cha kupandisha bei, kusifu watoto wa watu na kueleza saa ya maji kupwa. Maneno ya jikoni sikuwa nayo, na ndiyo niliyoyahitaji.

Tulipofika Torino tulifikia kwa bibi mzaa baba wa mume wangu, mwanamke wa miaka 86 anayeishi ghorofa ya nne katika jengo lisilo na lifti, ambaye kila mtu humwita Nonna, hata muuza mboga. Nyumba yake ilikuwa na hazina za namna nyingi. Kulikuwa na kabati la vioo lenye vikombe kumi na viwili ambavyo havikuwahi kuguswa na mdomo wa binadamu. Kulikuwa na paiolo, sufuria kubwa ya shaba nyekundu ya kusongea polenta, ambayo ni sima yao ya mahindi, nayo ilining'inia ukutani ikiwa nyeusi kama chungu cha mganga. Na juu ya jiko, mahali pa heshima, ilikaa moka.

Moka ni buli la kahawa la alumini lenye pande nane na kiuno chembamba, lililoanza kutengenezwa mwaka 1933 na Alfonso Bialetti kule Crusinallo, katika mkoa wa Piemonte, ambao ndio mkoa wa Torino. Jina lake limetokana na bandari ya Mokha ya Yemen, nchi ambayo nusu ya majirani zangu wa Malindi wana shangazi huko, kwa hiyo nilipoliona mara ya kwanza nilijihisi nimekutana na jamaa. Maji hutiwa chini, kahawa hukaa katikati ndani ya kichujio, na moto ukikolea, mvuke huyasukuma maji yapande, yapite katika kahawa na kutokea juu yakinguruma kama paka aliyeshiba. Hii ya Nonna aliletewa na mama yake siku ya harusi. Mshikio wake ulikuwa umeungua upande mmoja kwa moto wa gesi, na ubavuni palikuwa na picha ya yule bwana mdogo mwenye masharubu, nembo ya kiwanda, aliyeinua kidole kama anayeita mhudumu.

Siku ya Alhamisi Nonna alikwenda Cuneo kumtazama dada yake hadi Jumapili, mume wangu akatoka kwa shughuli zake, nami nikabaki peke yangu na moka. Nikaifungua. Ndani ilikuwa nyeusi tititi, imeganda utando mgumu uliopasukapasuka kama tope la bwawa lililokauka, na nikiingiza kidole kinatoka na rangi ya kahawa ya miaka hamsini. Moyo uliniuma. Nikasema, masikini bibi wa watu, macho hayaoni tena, na wajukuu wote hawa hakuna hata mmoja wa kumsaidia! Somo wangu akanijia masikioni.

Nilitumia waya wa kusugulia masufuria, vipande vitatu, na sabuni ya maji nusu chupa. Nilisugua kwa saa moja na robo. Utando ulitoka vipande vipande, nikaufuata mpaka ndani ya mdomo wa moka kwa njiti ya meno, nikasugua nje, nikasugua kitako, nikasugua kila upande katika pande nane, na nilipofika ule wa nembo sikusita: masharubu yaliondoka kwanza, kisha kichwa, kisha tumbo, na mwisho kikabaki kidole kimoja kimeinuliwa hewani bila mwenyewe. Nikaisuuza, nikaikausha kwa kitambaa safi na kuiweka dirishani. Iliwaka kama taa. Nilijipiga picha nayo nikampelekea mama yangu, naye akajibu kwa mioyo saba.

Mume wangu aliporudi alisimama mlangoni mwa jiko kwa muda ambao sikuuelewa. Kisha akaketi. Akaniuliza kwa sauti ya mtu anayeuliza habari za mgonjwa kama nilitumia sabuni. Nikamjibu kwa fahari kwamba nilitumia nyingi. Ndipo akanieleza kwamba moka haioshwi kwa sabuni wala haisuguliwi, bali husuuzwa kwa maji tu, kwa kuwa ule utando wa ndani ndio unaokinga kahawa isionje chuma, na kwamba katika ukoo wao watu wamegombania nyumba wakapatana, lakini utando ule hakuna aliyewahi kuutania. Ili nielewe uzito wa jambo lenyewe, akaniambia kwamba Renato Bialetti, mwana wa mbunifu, aliyeitangaza moka Italia nzima, alipofariki mwaka 2016 majivu yake yaliwekwa ndani ya moka kubwa, na padri akaiombea kanisani. Mimi nilikotoka maiti hazichomwi, seuze kuwekwa ndani ya buli, na usiku ule niliota nimesugua kaburi la watu. (Msimamo wangu, ambao sikuulizwa, ni kwamba kitu kilichoganda ndani ya chombo kwa miaka hamsini kina jina lake, na jina lenyewe si kinga.)

Ijumaa asubuhi nilikwenda kwenye ferramenta ya mtaani, yaani duka la vifaa vya chuma, nikitafuta dawa. Duka lile laiti lingekuwa Malindi ningehamia ndani yake. Kuta zote mbili zilikuwa droo ndogo za mbao kutoka sakafuni hadi darini, na usoni mwa kila droo kimefungwa kielelezo cha kilichomo ndani, hapa skrubu, pale bawaba, pale ndoano ya pazia, hivyo hata asiyejua kusoma ananunua. Mzee mwenye duka alivaa koti la kijivu na penseli sikioni. Nilimwonyesha moka ndani ya mfuko. Aliitoa, akaigeuza, akachungulia ndani, akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena na kuchungulia upya.

"Nani amefanya hivi?" akauliza.

"Rafiki yangu," nikamjibu.

Akaniambia nimwambie rafiki yangu apike kahawa na kuimwaga, apike tena na kuimwaga, mpaka ladha ya chuma iishe. Aliniuzia mpira mpya wa duara wa kuzibia maungio ya moka, akanionya kwamba ikiwa rafiki yangu atashawishika kununua moka iliyotumika, aangalie kwanza vali ya usalama, yale matundu madogo ubavuni, maana chokaa ya maji huyaziba. Niliitikia kama mtu anayesikia. Niliposikia "moka iliyotumika", masikio yangu yalikwisha kutoka dukani na kuanza kutafuta njia.

Usiku kucha nilipika na kumwaga. Kufikia saa tisa za usiku nilikuwa nimemaliza kopo zima la kahawa la Nonna, jirani wa chini alikuwa amegonga dari yake kwa ufagio mara mbili kwa sababu ya harufu au ya mngurumo, na ndani ya moka palikuwa pamepata rangi ya chai ya maziwa. Kwa mwendo ule, utando ungerudi siku ya arusi ya mjukuu wangu.

Jumamosi ni siku ya Balon, soko la vitu vikuukuu lililoko Borgo Dora, nyuma ya soko kuu la Porta Palazzo. Huko Kiitaliano changu cha ufukweni kilipata hatimaye kazi yake. Kati ya taa za kanisa, midoli isiyo na macho na viti vya miguu mitatu, niliiona: moka ya kipimo kilekile, nyeusi ndani kama roho ya mla riba, na bwana wa masharubu amesimama ubavuni, amefifia kidogo tu. Mwenye nayo alitaka euro 25. Nilishika kifua, nikasifu watoto wake, nikaondoka mara tatu, nikailipa 12. Mume wangu, ambaye kufikia hapo alikuwa mshirika kamili wa uovu, alitumia bisibisi kuhamisha ule mshikio ulioungua kutoka moka ya Nonna kwenda kwa hii ya Balon. Ile iliyong'arishwa nikaifunga ndani ya leso na kuifukia katika sanduku langu chini ya kitanda. Matundu ya vali sikuyatazama. Nilikuwa natazama masharubu.

Jumapili ukoo ulikusanyika, watu kumi na mmoja, na Nonna akarudi kutoka Cuneo na jibini tatu. Chakula kilipokwisha aliinuka kupika kahawa, nami nikamtangulia mbio, nikamwambia kwa heshima zote, "Nonna, keti, leo ni zamu yangu." Wakaguna kwa kunipenda. Jikoni ndipo nilipokumbuka kwamba kahawa ya nyumba niliimwaga yote kwenye sinki, na maduka ya mtaa yamefungwa. Nilichokuwa nacho ni mfuko wa kahawa niliyofungiwa na mama, iliyotwangwa kinuni ikawa laini kama poda, tayari kwa kahawa tungu. Moka inataka kahawa ya chembe kubwa kiasi, nayo haishindiliwi. Mimi nilishindilia kwa kitako cha kijiko, kwa kuwa kwetu mgeni hapimiwi.

Poda ilifunga njia ya juu na chokaa ilifunga vali ya pembeni, na mvuke, ambao nao una haki zake, ukakosa pa kutokea. Nilikuwa nimegeuka kuchukua sukari. Kwanza moka ilikaa kimya, ambacho kilikuwa kimya kibaya. Kisha ikapiga mluzi mwembamba. Kisha ikalia paa! Hakuna aliyeumia, na hilo ni la kumshukuru Mungu, lakini kahawa ya Malindi ilipanda hadi darini, ikatandaa kwa ufundi, ikamiminika kwenye mapazia, na kifuniko kikapatikana baadaye ndani ya bakuli la saladi. Watu kumi na mmoja walijaa mlangoni. Tone moja la kahawa lilidondoka kutoka darini likatua kwenye pua yangu, na hakuna aliyethubutu kucheka.

Nonna alipita katikati yao. Alichukua kitambaa, akaiokota moka sakafuni, akaigeuza mara moja tu.

"Mshikio ni wangu," akasema. "Moka ni ya nani?"

Nilikwenda chumbani nikaleta sanduku. Nilifungua leso mbele ya ukoo mzima, na maskini mimi, katika leso zote nilizobeba nilikuwa nimechagua ile iliyoandikwa *Siri ya mtungi muulize kata*. Nonna akauliza maandishi yanasema nini. Mume wangu, ambaye Kiswahili chake hushindwa hata kuagiza chapati, siku hiyo alitafsiri bila kukosa neno.

Nonna aliishika moka yake uchi isiyo na mshikio, akaipeleka dirishani, akaitazama nje, ndani na kitakoni. Akatafuta bwana wa masharubu, akakiona kidole. Nilikuwa nimekwisha kuhesabu nauli ya kurudi kwetu nilipomwona akisogeza uso karibu na ubavu wa moka, akajitazama, akarekebisha nywele zake upande wa kushoto, kisha wa kulia.

Akamwamuru mjukuu wake arudishe mshikio mahali pake, na moka ikapelekwa kabatini, pamoja na vile vikombe kumi na viwili. Mjomba mmoja alitumwa kutafuta ngazi kwa ajili ya dari. Nonna mwenyewe alipanda kiti, akaitungua ile paiolo nyeusi ukutani, akaniwekea mbele yangu kwa kishindo, na pembeni yake limau na kibakuli cha chumvi.

"Hii," akaniambia, "sugua."

Nikapandisha mikono ya nguo, nikauliza kama nyumbani kuna ukwaju.