Bei ya kitumbua niliijulia Odense

Desemba yangu ya kwanza Denmark, dada yangu alinipigia kutoka Tanga kuniuliza huko kwenye baridi tunakula nini. Nilipomjibu "vitumbua", alikata simu akidhani namfanyia mzaha. Simlaumu. Hata mimi, jioni nilipokiona kikaango chenyewe kwenye jiko la jirani yangu hapa Odense, nilisimama mlangoni na koti langu mwilini nisijue la kusema. Chuma cheusi kizito, mpini mmoja, mashimo 7: sita yamezunguka, moja katikati. Ungekiweka juu ya jiko la mkaa pale mtaani kwetu Ngamiani, Tanga, hakuna mtu angeuliza kimetoka wapi.

Wenyewe wanaviita æbleskiver, na ukisikiliza vizuri wanatamka karibu na "ebleskiva". Maana yake ni vipande vya tofaa. Zamani kila kimoja kilikuwa na kipande cha tofaa ndani. Siku hizi vingi vinavyouzwa madukani vimegandishwa ndani ya mifuko, na ndani havina kitu. Tofaa limeondoka, jina limebaki. Huliwa Desemba, katika zile wiki nne za kungojea Krismasi. Vinachovywa kwenye jamu ya stroberi na sukari laini ya unga, na watu wazima huteremshia gløgg, divai nyekundu iliyochemshwa na mdalasini na karafuu, ndani mna zabibu kavu na lozi. Mimi yule jirani, mzee wangu, alinipikia chai.

Namwita mzee, ingawa huku hakuna desturi hiyo. Mtu wa miaka 80 unamwita kwa jina lake tupu, kama mwenzako wa darasani, naye ndivyo anavyotaka. Nilijaribu wiki mbili, ulimi ukagoma. Nikamweleza kwamba kwetu mtu wa rika lake namwamkia kwanza ndipo mengine yafuate, akaniambia basi niite unavyojua. Tangu hapo ni mzee.

Kilichonishika zaidi ya kikaango ni harufu. Alifungua kichupa, akachota kijiko cha unga wa kijivu, akautupia kwenye bakuli, na jiko zima likanukia iliki. Iliki! Ile ile ambayo mama alikuwa akiitwanga usiku kwenye kinu kidogo, tukiinunua kwa wanaoteremka nayo kutoka milima ya Amani. Nilikuwa nimekwisha kukaa Denmark miezi kumi, na katika miezi yote hiyo hakuna kitu kilichonikumbusha nyumbani kwa nguvu kiasi kile. Nje giza lilikuwa limeshatanda, maana Desemba hapa jua linazama kabla ya saa 10 alasiri, na asubuhi halionekani mpaka saa 2 na nusu imepita.

Sasa unga wake. Gramu 250 za unga wa ngano, kijiko kikubwa cha sukari, nusu kijiko cha chai cha chumvi, nusu ya magadi soda, kijiko cha chai cha iliki, na ganda la limau lililokunwa. Viini vya mayai 3 vinapigwa pamoja na maziwa yaliyochachuka, kama mililita 400. Hapa wanatumia yale yanayobaki siagi ikishasukwa; nyumbani mtindi uliolegezwa kidogo unafaa kabisa. Uchachu wa maziwa unakutana na magadi, mapovu yanaanza. Unga unaachwa nusu saa. Ute wa mayai unapigwa peke yake hadi usimame kama povu la sabuni, ndipo unachanganywa mwisho kabisa, taratibu, mwiko ukitoka chini kwenda juu. Hapo ndipo wanapoachana na sisi. Cha kwetu ni mchele ulioloweshwa usiku kucha, tui la nazi na hamira, na kinaumuka kwa subira. Cha kwao kinaumuka kwa mkono wa mpigaji. Tofaa analikata vipande vidogo kama punje za maharage, analilainisha sufuriani kwa siagi kidogo na sukari, kisha analiacha lipoe.

Kugeuza anageuza kwa sindano ya kufumia sweta. Ilikuwa ya marehemu mkewe. Kikaango kikishika moto vizuri, kila shimo linapata kipande cha siagi, na siagi ikianza kuimba anamimina unga usifike ukingoni. Halafu anangoja. Ukingo ukigeuka rangi, anachomeka ncha ya sindano pembeni na kukizungusha robo tu, siyo chote. Ganda lililoiva linasimama wima kama ukuta, na unga mbichi wa katikati unateremka chini kwenye chuma kujenga ukuta mwingine. Hapo, wakati bado kuna mdomo wazi, anatumbukiza nusu kijiko cha tofaa. Robo nyingine, mdomo unafunga. Baada ya hapo anavizungusha vyote 7 kwa zamu, bila kukimbilia, mpaka vinakuwa mviringo kamili. Kitumbua chetu kina tumbo na mgongo. Chao ni mpira.

Akanipa sindano. "Sasa wewe," akasema. Nikaichukua, na mkono ukawa hauna habari yoyote.

Ndugu zangu, mimi nimezaliwa na mama muuza vitumbua. Karo yangu ya sekondari, daftari, viatu, hata nauli ya kwenda Dar es Salaam kufuatilia pasipoti, vyote vilipita kwenye kikaango. Na nilikuwa nimefika miaka 31 bila kugeuza kitumbua hata kimoja. Dada zangu waligeuza. Mimi niliamshwa vikiwa tayari, nikala viwili na chai ya rangi, nikaenda shule. Hakuna aliyenikataza kukaribia jiko. Ilijulikana tu kwamba mtoto wa kiume hana kazi pale. Vya kwanza nilivyogeuza Odense vilipasuka, tofaa likamwagika na kuungua kwenye chuma, na mzee akanifundisha kama anavyofundishwa mtoto wa miaka sita. Kwenye nyumba nyingi hapa mtoto wa miaka sita, wa kike au wa kiume, kweli anafundishwa.

Hili ndilo lililonifanya niandike. Kila tukikutana Waswahili wa huku, lalamiko halikosekani: Ulaya hakuna maisha, unatoka kazini usiku hakuna hata mtu wa kukuuzia andazi barabarani, kila kitu ujipikie. Nami nililalamika sana. Lakini jiulize kwa nini hakuna mama vitumbua Odense. Ni kwa sababu saa ya mtu hapa ina bei. Denmark haina sheria inayotaja kima cha chini cha mshahara. Vyama vya wafanyakazi na waajiri wanakaa mezani wanapatana, na wiki ya kazi ya kawaida ni saa 37. Ukimtaka mtu aamke saa 10 alfajiri akupikie, utamlipa kweli kweli. Kwa hiyo mwenye hamu ya ebleskiva ya moto anasimama mwenyewe jikoni, na mumewe, na watoto. Asiyeweza ananunua ya kugandishwa anapasha kwenye oveni, na hakuna anayemsema.

Jioni ile nilirudi chumbani kwangu nikaanza hesabu ambayo sikuwahi kuifanya. Kikaango kimoja cha mashimo 7, dakika 6 hivi kwa mpigo. Mama alikuwa akiuza kama vitumbua 150 kwa asubuhi. Hiyo ni mipigo 21 na zaidi, yaani saa mbili na dakika kadhaa ameinama juu ya moshi. Huo ni mgeuzo peke yake. Bado hujahesabu kuchagua mchele, kuuloweka, kuubeba mashineni, kukuna nazi, kukamua tui, kuwasha mkaa wenye unyevu masika. Mama alijua bei ya kila kitu mpaka ya kiberiti. Mchele aliuhesabu, mafuta aliyahesabu, sukari ilipopanda alilalama. Saa zake hazikuwa kwenye hesabu hata siku moja. Na sisi wateja, mimi nikiwa mmojawapo kwa vitumbua vya watu wengine, tulisimama pale tukaomba nyongeza.

Kwa hiyo mtu akiniambia maisha ya nyumbani ni rahisi, vitu viko mlangoni, namwuliza ni rahisi kwa nani.

Sasa nigeuke upande wa pili, maana nisipousema nitakuwa nimedanganya. Ile sindano nilipewa kwa sababu nilialikwa, na nilialikwa wiki mbili kabla, tarehe na saa. Mzee anaishi peke yake. Mwanawe yuko mji mwingine, si mbali kwa treni, na anakuja siku zilizopangwa. Desemba nyumba inajaa: mishumaa minne juu ya shada la majani, mmoja unawashwa kila Jumapili, mioyo ya karatasi nyekundu na nyeupe iliyosukwa na wajukuu, kicheko mpaka kuta zinapata joto. Januari ikiingia, kikaango kinapakwa mafuta na kurudi kabatini, na ngazi yetu inanyamaza. Nimewahi kupanda na kushuka ngazi hiyo siku 11 mfululizo pasipo kusikia sauti ya mtu akiniambia neno. Wananiheshimu, najua. Kutomgusa mtu kwao ndiyo adabu.

Ngamiani, ungekosa kununua kitumbua siku mbili, siku ya tatu mama angemtuma mtoto aje aone kama unaumwa. Pale kwenye kikaango ndipo tulipojua nani amefiwa, nani amejifungua, fundi gani amepata kazi bandarini. Kununua kitumbua ilikuwa njia ya kuamkiana. Hicho sijakipata Denmark na sidhani kinauzwa. Vibanda vya barabarani huko mashambani vinaniliza kwa namna yake: matofaa na viazi vimewekwa juu ya meza, kikopo cha hela pembeni, muuzaji hayupo. Uaminifu wa ajabu, nauheshimu sana. Lakini unaondoka na matofaa yako hujamwona mtu.

Kuna mji wa California unaitwa Solvang, ulioanzishwa na wahamiaji wa Kidenmark mwaka 1911. Huko ebleskiva zinauzwa mwaka mzima, hata Julai kwenye jua kali. Mzee hilo halimwingii akilini kabisa. Mimi nawaelewa wale watu. Ukishahama, huna tena mtaa wa kukuambia msimu umefika, basi unapika siku roho inapodai. Mimi napika vitumbua vya mchele Jumapili za Februari, kwenye kikaango cha Kidenmark nilichonunua kwenye duka la vitu vilivyotumika, na navigeuza kwa sindano ya kufumia. Mwanangu wa kiume ana miaka 8. Anavigeuza kunishinda.

Mwaka juzi nilirudi Tanga kwa likizo. Usiku wa kwanza nikasikia mama anaamka, saa 10 bado haijafika, nikaamka naye. Akanitazama kwa taa ya simu.

"Unaumwa?"

"Siumwi, mama. Nataka kugeuza."

Nikamweleza hesabu yangu yote, saa mbili na zaidi, mipigo 21, mishahara ya Denmark. Nikamwambia kwa haki kitumbua chake kilipaswa kuuzwa mara tatu ya bei ile. Alinisikiliza mpaka mwisho huku anapepea mkaa.

"Nikiuza mara tatu," akasema, "mtoto wa Mwanahamisi atakula nini akienda shule?"

Sikuwa na jibu, na mpaka leo sina la kunitosha. Sidhani jibu ni kupandisha bei tu. Ninachokishikilia ni kwamba mzigo ule haukuwa lazima uwe wa watu watatu, mama na binti zake wawili, nyumba ikiwa na vijana wanne wa kiume waliolala mpaka kunakucha. Na ninachokishikilia pia ni kwamba nyongeza mtu aache kuiomba.

Akanipa kijiti chake. Kikaango kiliposhika moto nikatia mafuta kila shimo, nikamimina unga, nikangoja ukingo ugeuke rangi. Kile cha kwanza kilipinduka kizima. Mama hakusema kitu. Alivuta kigoda, akakaa.

Watu wakaanza kuja na mabakuli yao kabla ya saa 12. Mimi nikageuza, yeye akawapokea. Katika maisha yangu yote sikuwahi kumwona mama amekaa saa ile, mikono imetulia mapajani, anamwuliza kila mmoja wameamkaje.