Msitu wa Kyoto na kaya ya kwetu

Jumapili moja ya Agosti nilipanda treni kutoka Osaka, ninakoishi mwaka wa sita sasa, nikashukia Demachiyanagi, Kyoto. Sikuwa na mpango wowote. Nilivuka mto Takano nikashika njia ya kaskazini kwa sababu tu ilikuwa na kivuli na jua lilikuwa kali.

Hatua chache mbele, mji ukanyamaza. Zilibaki kelele za nyenze na miti minene iliyozeeka. Nilidhani ni bustani ya manispaa mpaka nilipoona lango jekundu la torii, ndipo nikajua nimeingia uani kwa watu. Ni Shimogamo, hekalu la Kishinto, dini ya asili ya Wajapani, lililo miongoni mwa yale makongwe kabisa mjini humo, na msitu wake, Tadasu no Mori, una kama hekta 12.

Watu walikuwa wananawa mikono na kusukutua kabla ya kuingia. Nikakumbuka birika la msikiti wetu. Mama mmoja mwenye mkoba wa sokoni aliinama mara mbili, akapiga makofi mara mbili, akainama tena, akaenda zake. Sikuomba pale, sala yangu ina kibla chake. Lakini nilikaa chini ya mti na moyo ukarudi Kwale, pwani ya Kenya.

Kwetu tuna Kaya Kinondo, mojawapo ya kaya, yaani misitu mitakatifu ya Wamijikenda. Ni msitu wa hekta kama 30 karibu na bahari. Shimogamo iliingia kwenye urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 1994, baadhi ya kaya zetu za Mijikenda zikaingia 2008. Ukienda Kinondo unavishwa shuka nyeusi, unavua kofia, na hutoki hata na kijiti. Haya nayajua kwa kusimuliwa. Nimezaliwa mwendo wa nusu saa kutoka pale na sijaingia hata siku moja, maana tulilelewa tukiambiwa kaya ni mambo ya uchawi.

Hili linaniuma. Wajapani hawajatuzidi imani. Wenzangu wengi kazini husema hawana dini. Walichotuzidi ni kutowaonea haya waliowatangulia. Na pesa inawabana vilevile: pembezoni mwa Shimogamo pamejengwa nyumba za makazi kwenye ardhi ya hekalu ili zipatikane fedha za matengenezo, na wapo waliopinga, hadharani. Kwetu msitu unamegwa kimyakimya. Vigango vya Wagiriama, nguzo za mbao za kuwakumbuka wafu, vimeng'olewa vikauzwa hadi makumbusho ya Marekani. Na wazee, Mungu awarehemu, wameuawa Kilifi na Kwale kwa kushukiwa uchawi, wengine hawana kosa ila mvi. Nani atamrithisha kijana majina ya miti ile ikiwa mzee anaogopa kuonekana mzee?

Usiku ule nilimpigia mjomba, nikamwomba aniulizie kwa wazee wa kaya kama nitaruhusiwa kuingia nikija Desemba. Alinyamaza kitambo.

"Umechelewa, lakini njoo," akasema. "Shuka nitakutafutia mimi."