Nafasi pana ya rangi inamfaa hata mwenye simu ya kawaida

Anayeanza kuchakata faili ghafi (RAW) za kamera huambiwa mapema: fanya kazi katika sRGB, nafasi ya rangi ya kawaida (yaani seti ya rangi ambazo faili inaweza kubeba), mwanzo hadi mwisho, maana huko ndiko picha inakoishia. Tovuti, simu za wateja na studio nyingi za kusafisha picha zinataka sRGB. Ya nini kubeba rangi ambazo hakuna atakayeziona?

Wanaosema hivyo hawabahatishi. Kiwango hicho kilitoka kwa HP na Microsoft mwaka 1996, kikafuata uwezo wa skrini za chogo za enzi zile, na mpaka leo karibu kila kifaa kinakielewa. Faili ya ProPhoto RGB, nafasi iliyo pana zaidi ya sRGB, ikifunguliwa kwenye programu isiyosoma profaili ya rangi (maelezo ndani ya faili yanayotaja nafasi yake), nyuso za watu hupauka. Tena ProPhoto ni pana kupita kiasi: takriban asilimia 13 ya rangi zake jicho la binadamu haliwezi kuziona kabisa. Ukiihifadhi kwa biti 8, ngazi 256 za kila chaneli (nyekundu, kijani na bluu) zinatandazwa juu ya eneo kubwa mno, na anga la jioni, badala ya kufifia taratibu, linatoka na mistari.

Ila hasara zote hizo zinahusu faili unayomkabidhi mteja. Swali la wapi hesabu za rangi zifanyike wakati unahariri ni jingine, na kuyachanganya mawili haya kunawagharimu wapiga picha wengi.

Chukua bahari ya Nungwi jua la saa sita, maji yakiwa feruzi iliyokolea. Upande huo wa rangi ndio sRGB inapopungukiwa zaidi. Ukiongeza ukolevu kidogo tu, chaneli nyekundu inadai kushuka chini ya sifuri. Haiwezi, basi inakatwa pale pale. Viwimbi, mchanga unaoonekana chini ya maji, kivuli cha ngalawa, vyote vilikuwa na sehemu ya tofauti zao ndani ya chaneli hiyo. Ikishakuwa sifuri eneo zima, tofauti hizo zimekufa. Ukipunguza ukolevu baadaye unapata bapa lililopauka, bila viwimbi. Kanga nyekundu juani inapatwa na mkasa huohuo, ila huko chaneli nyekundu inagonga dari na mikunjo ya kitambaa inapotea.

Katika nafasi pana thamani hizo bado zipo. Unarudisha ukolevu nyuma, viwimbi vinajitokeza, ndipo unabadilisha kwenda sRGB vikiwa salama. Anayefaidika, basi, ni yuleyule mtazamaji mwenye simu ya kawaida anayedaiwa kuwa hana haja na upana huo. Hili halisemwi vya kutosha.

Hofu ya mistari angani nayo inaisha ukitumia biti 16. Kamera nyingi hurekodi ghafi kwa biti 12 au 14, yaani ngazi 4,096 au 16,384. Biti 16 zina nafasi ya 65,536. Isitoshe, programu ya kuhariri ya Lightroom hukokotoa ndani yake kwa rangi msingi za ProPhoto, na mwenzake darktable, kwa mpangilio wake wa kawaida, hutumia Rec. 2020, nafasi nyingine pana. Anayejiona anahariri Lightroom katika sRGB kwa kweli amechagua sRGB ya faili inayotoka tu.

Pingamizi moja linabaki na uzito: unasogeza rangi ambazo skrini yako haizionyeshi, na ni rahisi kuzidisha. Dawa yake ni kuwasha onyesho la sRGB ndani ya programu kabla ya kutoa faili, likuonyeshe kitakachokatwa. Upande wa pili, iPhone zina skrini za P3 tangu 2016, nafasi iliyo pana kuliko sRGB. Kazi iliyokatwa mapema haiwezi kuzifaidi.

Kwa anayepiga JPEG na kuituma moja kwa moja, sRGB inatosha, na simshauri abadilishe chochote. Mwenye faili ghafi ahariri katika nafasi pana kwa biti 16, sRGB aiache iwe hatua ya mwisho kabla ya kumtumia mteja.