Nusu ya msaada wa chakula lazima ipande meli za Marekani

Makala tunayoijadili hapa inauliza kama Marekani iendelee kutuma misaada nje, na wengi hapa mmejibu ikate tu. Sawa, ila tazameni kwanza hela zinapovujia. Sheria yao inataka angalau nusu ya tani za msaada wa chakula zibebwe na meli zenye bendera ya Marekani, ambazo nauli yake kwa kawaida ni ghali kuliko za wengine. Hapo ndipo pa kubana (wenye meli hawataki hata kusikia).

Chakula dawa, yaani siagi ya karanga yenye virutubisho ya kutibu watoto wenye utapiamlo mkali, msikiguse. Pakiti moja ni gramu 92, kilokalori 500. Katoni ina pakiti 150, na katoni moja hivi inamtosha mtoto mwenye utapiamlo mkali kwa wiki 6 hadi 8. Mtoto huandikishwa kwenye matibabu utepe wa kupima mzunguko wa mkono wake wa juu ukisoma chini ya sentimita 11.5. Ukimkatizia wiki ya tatu, uzito unaporomoka tena, na nimonia haimkawizi. Akiba ikiisha ghalani haijazwi kesho: kuagiza, kupakia, kuvuka bahari, kutoa mzigo Mombasa, kisha lori mpaka kambi ya wakimbizi ya Kakuma, kaskazini mwa Kenya, hiyo ni miezi. Anayetaka kupunguza atoe notisi mapema, walau mwaka mmoja wa bajeti.