Patholojia siyo ya mtu asiyependa watu

Juzi mdogo wangu, mtoto wa shangazi, yuko mwaka wa nne udaktari, kaniambia, "Dada nataka kuja huko kwenu patholojia, mambo ya kuongea na wagonjwa mimi siyawezi." Patholojia ndo huku tunakochunguza vipande vya mwili kwa hadubini kujua ugonjwa. Na kuna daktari mkubwa ndo kamshauri hivyo. Imeniuma kweli.

Jamani, nani kawaambia huku hakuna watu?

Mwezi uliopita tumepokea kichupa, ndani ya fomalini, dawa ya kuhifadhi nyama, kuna kipande cha tezi ya limfu ya shingoni kama punje ya harage, fomu imeandikwa neno moja tu, "uvimbe". Umri hakuna, majibu ya HIV hakuna, kama kashatumia dawa za TB hakuna. Naangalia slaidi, yaani kioo chenye ukanda mwembamba wa kipande kile, naona vifundo vya seli kama vya TB, na ukiwa umechoka unaandika TB unasaini unaenda nyumbani, ila pembeni kuna seli mbili tatu kubwa ambazo roho ilikataa kuziacha. Nikapiga simu kule ilikotoka, mara ya kwanza hawakupokea, mara ya pili nikaambiwa daktari yuko theta, mara ya tatu nikampata. Anasema mgonjwa ana miaka 19, kameza dawa za TB miezi mitano na uvimbe unazidi kukua. Nikamwomba fundi wetu akate tena bloku ile, yaani nta yenye kipande kile, ndani zaidi, ukanda wa unene wa maikroni 4, na hapo ikaonekana wazi: limfoma ya Hodgkin, saratani ya tezi za limfu, ambayo wakati mwingine hujificha katikati ya vifundo vya namna ile.

Macho makali yanahitajika, sawa, na kukumbuka maumbo pia. Na nakubali kuna siku unashinda na hadubini tu, mtu mkimya anaweza kuipenda hii kazi. Lakini kama huna moyo wa kumtafuta mtu mpaka umpate, utaua mgonjwa ambaye hujawahi kumwona. Denis Burkitt wa hospitali ya Mulago, Uganda, ambaye limfoma ya Burkitt, saratani ya watoto, imepewa jina lake, alikuwa daktari wa upasuaji, na mwaka 1961 alitoka Kampala kwa gari na wenzake wawili hadi Afrika Kusini, hospitali kwa hospitali, akiuliza watoto wenye uvimbe wa taya wanaonekana wapi. Ugonjwa ule unapatikana wapi tumejua kwa kuuliza hivyo.

Mdogo wangu nimemwambia aje Jumatatu. Hadubini atasubiri kidogo, kuna rundo la fomu zenye neno moja moja na simu iko pale mezani.